Pikseli 16 kwa 16: Namna ya Kupima Aikoni za Programu Huria za Muziki

Fungua Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti iliyotolewa kwa umma mwaka 2000, kisha utazame safu ya vitufe iliyo juu: kusitisha, kucheza, kusimamisha, kuruka hadi mwanzo, kuruka hadi mwisho, kurekodi. Hakuna anayekaa kuistaajabia safu hiyo. Fundi wa studio ana mwimbaji anayesubiri kwenye maikrofoni. Jicho linapita juu ya vitufe, mkono unabonyeza, kazi inaendelea. Akisita akajiuliza "ni hiki au kile?", mchoraji ameshindwa, mchoro uwe mzuri namna gani.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuijua aikoni nzuri akiiona: mtumiaji anayetaka kutoa maoni yenye maana, msanifu chipukizi anayetaka kuchangia, na msimamizi wa mradi aliyeletewa michoro mitatu na anapaswa kuchagua mmoja. Tunazungumzia programu zinazojengwa na jumuiya, msimbo wake ukiwa wazi kwa kila mtu: Audacity, MuseScore ya kuandikia nota, Ardour na LMMS za kutengenezea muziki, Mixxx ya madijei. Huko mara nyingi hakuna mkurugenzi wa sanaa mwenye neno la mwisho. Anayehukumu ni yeyote aliyejitokeza, kwa hiyo ni vizuri ajitokeze akiwa na vigezo.

Kigezo kinachovibeba vingine vyote ni kimoja: aikoni hupimwa ikiwa kazini. Yaani kwa saizi yake halisi, katikati ya ndugu zake, mbele ya mtu ambaye hana muda nayo. Yanayofuata ni ufafanuzi wa hilo.

Kuza picha ya skrini, usikuze aikoni

Kosa la kwanza la wanaohukumu ni kuitazama aikoni ikiwa kubwa. Mchoraji anatuma mchoro wa pikseli 512 wenye vivuli laini na mng'ao kwenye kingo, na kila mtu anausifu. Siku unaposhushwa hadi pikseli 16, uzuri wote ule unageuka doa la kijivu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Saizi zinazofanya kazi kwenye upau wa vitufe ni 16, 22, 24 na 32. Za 48 na kuendelea ni za menyu ya programu na za kwenye eneo-kazi. Kwenye kompyuta mpakato ya inchi 15.6 yenye skrini ya pikseli 1366 kwa 768, aina ambayo bado imejaa kwenye maduka ya kompyuta za mtumba, aikoni ya pikseli 16 ina upana wa milimita 4 hivi. Anza kuihukumu hapo, ukiwa umekaa umbali wako wa kila siku.

Ukishaitazama hivyo, piga picha ya skrini, kisha ukuze hiyo picha mara 8. Sasa unaona kila pikseli mahali ilipotua. Tafuta ukungu: mistari ya kijivu pembeni mwa mistari iliyopaswa kuwa myeusi. Chanzo chake huwa kimoja kati ya viwili. Cha kwanza ni mstari uliokaa vibaya kwenye gridi. Katika mchoro wa vekta, mstari wenye unene wa pikseli 1 ambao kitovu chake kiko kwenye namba kamili, tuseme 5, humwagika nusu kwenye pikseli ya kushoto na nusu kwenye ya kulia, na badala ya mstari mmoja mweusi unapata miwili ya kijivu. Usogeze hadi 5.5, utatua ndani ya pikseli moja barabara. Chanzo cha pili ni kupunguza mchoro kwa uwiano usiogawanyika. Mchoro wa 24 ukishushwa hadi 16, mstari wa pikseli 2 unakuwa wa 1.33, na hakuna skrini yenye thuluthi ya pikseli. Anayesuka ukili analijua hili tangu utotoni: maua ya mkeka huhesabiwa kwa miyaa mizima, na hakuna nusu mwaa.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mchoraji ni hili: "Ya 16 umeichora, au umeipunguza?" Mzoefu huichora upya, na katika kuichora hutupa vitu. Kwenye pikseli 48 maikrofoni inaweza kuwa na wavu, swichi na waya. Kwenye 16 ina kichwa, upinde na mguu, basi. Aliyetupa vitu sahihi ameielewa maikrofoni kuliko aliyebana vyote ndani.

Skrini mpya zenye pikseli zilizosongamana zimepunguza makali ya tatizo hili, maana aikoni ya 16 huchorwa humo kwa pikseli 32. Lakini mtumiaji akiweka ukubwa wa asilimia 125, aikoni ileile inakuwa ya pikseli 20 na ukungu unarudi. Usimpe mchoraji alama zote kwa sababu tu kazi yake inapendeza kwenye skrini ya bei kubwa.

Umbo lisomeke likiwa jeusi tupu

Susan Kare alipochora aikoni za Macintosh ya mwaka 1984 alikuwa na mraba wa pikseli 32 kwa 32 na rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe. Alianzia kwenye daftari la karatasi ya miraba, akijaza kiboksi kimoja kwa kila pikseli. Mwaka 2015 jumba la sanaa la MoMA la New York lilichukua madaftari yake kwa ajili ya hazina yake. Zaidi ya miaka 40 baadaye, jaribio la rangi moja bado ndilo kali kuliko yote: jaza aikoni yote rangi nyeusi, ondoa kila pambo la ndani, kisha mwulize mtu ni nini. Kama umbo la nje halisemi kitu, rangi na kivuli havitalisaidia.

Katika programu za muziki mtego mkubwa ni mishale ya kuzunguka. Tendua huchorwa kwa mshale uliopinda. Rudia hivyohivyo. Kuzungusha kipande cha wimbo bila kukoma, mshale uliopinda tena. Kuonyesha upya orodha ya nyimbo, vilevile. Mchoraji akiwa amechora kila moja siku yake, utakuta aikoni nne zinazofanana kama mapacha. Ziweke pamoja zikiwa nyeusi. Kazi nzuri itakuwa imeziachanisha kwa umbo: tendua ni upinde ulio wazi unaoelekea kushoto, kuzungusha ni mzingo uliofungwa, ulio bapa kama kanda, wenye vichwa viwili vya mshale, na kadhalika. Jicho likizitenganisha bila kusoma maandishi yanayochomoza kipanya kikisimama, mchoraji amefaulu mtihani mgumu.

Vitufe vya kucheza na wenzake havina haja ya kubuniwa upya. Alama zake zilitoka kwenye vinasa sauti vya kanda vya miaka ya 1960, zikaingia kwenye kiwango cha kimataifa cha IEC 60417, na aliyewahi kushika redio kaseti anazijua kwa kidole. Pembetatu ilionyesha upande ambao kanda inakwenda. Ndiyo maana programu ikifasiriwa kwa Kiarabu na menyu zote zikahamia kulia, pembetatu ya kucheza hubaki ilivyo, ingawa mshale wa kurudi ukurasa uliopita hugeuzwa. Mtumiaji wa Muscat akikuta pembetatu inaelekea kushoto, ajue kuna mtu aliyegeuza kila kitu kwa mkupuo.

Angalia pia kama mchoraji anajua tofauti ya kukimbiza na kuruka. Pembetatu mbili peke yake ni kukimbiza ndani ya wimbo uleule. Pembetatu zenye kijiti cha wima mbele yake ni kuruka hadi mwisho au hadi wimbo unaofuata. Kijiti hicho kina upana wa pikseli 2, na bila hicho kitufe kinadanganya.

Nembo ya programu nzima ina sheria nyingine. Koni ya barabarani ya VLC haisemi lolote kuhusu video wala muziki, na bado inatambulika dunia nzima, kwa kuwa nembo ni jina. Aikoni ya upau ni maelekezo. Usimruhusu mchoraji ajitetee kwa koni ya VLC pale kitufe chake cha metronomu kinapofanana na mnara wa simu.

Mizani ya macho

Hapa ndipo anayejua hutengana na anayejifunza. Chukua mraba wa 16, uache pikseli 2 kila upande; unabaki na 12 za kufanyia kazi. Kitufe cha kusimamisha kikijaza 12 kwa 12, kina pikseli 144. Duara la kurekodi lenye kipenyo cha 12 lina kama 113. Pembetatu ya kucheza yenye upana na kimo cha 12 ina 72, nusu kamili ya mraba. Kwenye rula zote ni sawa. Kwenye safu, mraba utaonekana mnene na pembetatu imekonda.

Mwenye mkono mzuri hupunguza mraba hadi 10 kwa 10, huliacha duara kwenye 12, na huipandisha pembetatu hadi kimo cha 14. Sasa mraba una 100, duara 113, pembetatu 84. Anayepima kwa rula atasema vipimo vimepotoka; anayetumia atasema safu imetulia. Kitufe cha kusitisha kinajipanga chenyewe: nguzo mbili za upana wa 4 na nafasi ya 4 kati yake, na zile 2 za kila ukingo zinatimiza 16.

Kisha tazama pembetatu ikiwa ndani ya duara. Ikiwekwa katikati kwa hesabu ya sanduku lake, itaonekana imeegemea kushoto, kwa sababu uzito wa pembetatu uko karibu na kitako: theluthi moja tu ya njia kutoka hapo. Kwa pembetatu ya upana wa 12, kitovu cha uzito kiko pikseli 2 kushoto mwa kitovu cha sanduku. Lazima isukumwe kulia. Ukiona imesukumwa, ujue mchoraji ameitazama kazi yake kwa jicho na hakuiachia programu impangie.

Mwanamuziki ataona

Aikoni za programu za ofisi zinaweza kuchorwa na yeyote mwenye jicho zuri. Za muziki zina wasomaji wakali: mwalimu wa kwaya aliyeandika nota miaka mingi ataona kosa kabla hajaona uzuri.

Bendera ya nota ya thumuni, ile yenye mkia mmoja, hukaa kulia mwa shina siku zote, shina liwe linapanda au linashuka. Shina linalopanda hutoka upande wa kulia wa kichwa. Linaloshuka, upande wa kushoto. Kichwa cha nota kimeinama, upande wa kulia ukiwa juu kidogo, si duara kamili wala yai lililolala. Mkunjo wa ndani wa ufunguo wa G huzunguka mstari wa pili kutoka chini. Vidoa viwili vya ufunguo wa F huukumbatia mstari wa nne, kimoja juu yake, kimoja chini. Vifunguo vyeusi vya piano huja kwa makundi ya viwili na vitatu. Kinanda chenye vifunguo vyeusi vilivyopangwa sawasawa mwanzo hadi mwisho si piano anayoijua mwanamuziki. Kwenye pikseli 16, vyeupe vitatu na vyeusi viwili vinatosha, na ni sahihi.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni alama ya shapu kuchorwa kwa alama ya namba ya kwenye kibodi. Katika shapu mistari ya wima imesimama wima, na ile ya kukata ndiyo inayopanda kuelekea kulia, mizito kuliko ya wima. Katika alama ya namba ni kinyume: ya kulala imelala, ya kusimama imeinama. Tofauti ni hiyo tu, lakini mwanamuziki anayeona ya pili anajua kwamba mchoraji hakuwahi kufungua ukurasa wa nota.

Sasa twende karibu zaidi. Tuchore nota mbili zilizounganishwa kwa boriti ndani ya 16 kwa 16, tukihesabu safu kuanzia kushoto na mistari kuanzia juu. Kichwa cha kushoto kinachukua safu ya 2 hadi ya 6, mstari wa 12 hadi wa 15. Cha kulia, safu ya 10 hadi ya 14, lakini kimepanda pikseli moja: mstari wa 11 hadi wa 14. Pikseli za pembe ya juu kushoto na ya chini kulia za kila kichwa huachwa wazi, na kwa kufanya hivyo tu kichwa kinainama. Shina la kwanza liko safu ya 5 na ya 6, la pili ya 13 na ya 14, yote kulia mwa vichwa. Boriti ina unene wa pikseli 3: kuanzia safu ya 5 hadi ya 9 iko mstari wa 3 hadi wa 5, na kuanzia ya 10 hadi ya 14 inaruka hadi mstari wa 2 hadi wa 4. Mteremko wote wa boriti ni ngazi moja ya pikseli moja, katikati. Anayetaka boriti iteleze laini ataijaza kijivu pembeni na kuipoteza. Kati ya vichwa pamebaki pikseli 3 tupu, na hizo ndizo zinazofanya nota mbili zisomeke kuwa mbili. Ukiona kazi ambayo nafasi hiyo imebaki pikseli 1, irudishe.

Mchoraji asiyesoma nota hana sababu ya kubahatisha. Fonti ya Bravura, iliyotoka mwaka 2013 pamoja na kiwango cha SMuFL cha kupanga alama za muziki, na Leland, iliyokuja na MuseScore 3.6 mwaka 2021 na kupewa jina la Leland Smith aliyetunga programu ya SCORE, zote ziko chini ya leseni huria. Azifungue, atazame umbo, kisha achore upya. Akizibandika zilivyo, atapata nyuzi: zilichongwa kwa ajili ya karatasi, na mistari yao myembamba haivumilii pikseli 16.

Ngoma siyo djembe kila mahali

Programu za muziki zina orodha za ala, na orodha hupenda aikoni. Mtumiaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuwa mkali hapa. "Ngoma ya Kiafrika" katika michoro mingi ni djembe, ngoma ya Afrika Magharibi yenye umbo la kikombe kilichobanwa kiunoni. Ni ala nzuri, ila si kila ngoma ya bara hili. Mchoraji akiandika "djembe" chini yake, hakuna ugomvi; akiandika "ngoma", aulizwe ngoma ipi.

Ala za taarab zinapima uwezo wa mchoraji vizuri zaidi. Udi si gitaa lenye tumbo kubwa. Tumbo lake ni la umbo la pea, shingo ni fupi na haina vigawanyo vya chuma, na kichwa chenye vigingi kimevunjika kwenda nyuma. Kwenye pikseli 24 vigawanyo havionekani hata kwenye gitaa, kwa hiyo umbo linabebwa na vitu viwili tu: tumbo lisilo na kiuno na kichwa kilichokunjwa. Ala ya kanuni ni rahisi zaidi kuichora na rahisi zaidi kuiharibu. Ni bapa, yenye pande nne: upande mmoja mrefu, mwingine mfupi ulio sambamba nao, na ubavu mmoja uliokatwa kwa mshazari. Mistari mitatu ya nyuzi inatosha. Atakayechora nyuzi zote atapata kitambaa.

Familia moja, mikono mingi

Aikoni ya jumuiya huchorwa na watu wasioonana. Mmoja alichora ya kurekodi miaka kumi iliyopita, mwingine ya kuchanganya sauti mwaka jana, wa tatu ya kuhamisha faili jana usiku. Kwa hiyo usihukumu aikoni moja. Piga picha ya upau mzima, uipunguze ukali mpaka ifanane na unayoona ukikodoa macho, kisha tazama ipi inayoruka nje. Inayoruka, hata ikiwa nzuri kuliko zote, ndiyo yenye kosa.

Mambo ya kulinganisha ni unene wa mstari, ukali wa kona, upande mwanga unakotoka na nafasi tupu pembezoni. Mradi wa Tango, ulioanza mwaka 2005 ili programu za Linux zifanane uso, ulionyesha kwamba mambo hayo yanaweza kuandikwa kama sheria fupi ambazo mtu asiyejulikana anaweza kuzifuata: mwanga kutoka juu, mstari wa ukingo wenye rangi iliyokoza kuliko ya ndani, na orodha moja ya rangi kwa wote. Mtindo wake wenyewe leo umepitwa na wakati, lakini njia haijapitwa. Mradi usio na ukurasa mmoja wa sheria hizo utazidi kupata aikoni nzuri na upau mbaya.

Kisha jaribu hali za aikoni moja. Spika ya sauti huwa na nne: kimya, chini, wastani, juu. Bonyeza kupitia zote haraka. Mwili wa spika usisogee hata pikseli moja. Kinachobadilika ni mawimbi tu. Wachoraji wengi huweka kila hali katikati ya mraba wake, kwa hiyo mawimbi yakipungua spika huhama kulia, na mtumiaji anaona kitufe kinachoruka. Vivyo hivyo kwa kucheza na kusitisha vinavyopokezana mahali pamoja. Na kati ya wimbi na wimbi ipatikane pikseli nzima tupu, la sivyo "wastani" na "juu" vitakuwa kitu kimoja.

Rangi ni shahidi wa pili

Kijani cha kucheza na nyekundu ya kurekodi vinasaidia, ila visiachiwe kazi yote. Miongoni mwa wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, takriban mwanamume 1 kati ya 12 hatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Geuza picha ya upau iwe ya kijivu. Ikiwa kitufe cha kurekodi kilichowashwa hakitofautiani na kilichozimwa, kuna mtu atakayeimba wimbo mzima bila kurekodiwa. Hali ya kuwashwa iongezewe umbo: pete, kujaa, kitufe kuzama.

Jaribu pia giza. Madijei hufanya kazi gizani, na sura za Mixxx nyingi zina mandharinyuma meusi. Aikoni yenye ukingo mweupe uliofichwa kwenye karatasi nyeupe itajionyesha hapo kama kijiko kilichotolewa kwenye unga. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu, WCAG 2.1 wa mwaka 2018, unataka uwiano wa angalau 3 kwa 1 kati ya alama na kilicho nyuma yake. Zana za kupimia zipo bure, na kipimo hicho kinamaliza mabishano ambayo ladha haiyamalizi.

Faili lililo nyuma ya picha

Katika programu ya jumuiya, ubora hauishii kwenye skrini. Atakayekuja baada ya mchoraji lazima aweze kuendelea, na njia ya kuingia inatofautiana kutoka programu hadi programu. LMMS husoma picha za PNG kutoka kwenye folda ya mandhari. Sura za Mixxx hutumia SVG. Audacity kwa muda mrefu imeruhusu mandhari yake yatolewe kama picha moja kubwa yenye vipande vyote, ambayo mtu anaihariri na kuirudisha. Kila kipande kina mahali pake, na ukikisogeza pikseli moja umekivunja. MuseScore 4 huweka aikoni zake ndani ya fonti, kwa hiyo kila moja ni ya rangi moja tu. Ardour huchora aikoni za vitufe vyake kwa msimbo. Mchoraji aliyeleta mchoro wa rangi tano kwa MuseScore hakuuliza mlango uko wapi.

Omba faili la asili, si PNG peke yake. Lifungue kwenye Inkscape, programu ya michoro ya vekta: je, kila kitu kiko kwenye gridi, au kuna namba kama 7.0381? Je, duara ni duara, au ni mkunjo wenye nukta 60 uliotokana na kufuatilia picha kwa mashine? Faili safi la SVG la aikoni ya pikseli 16 linasomeka kwa macho, mistari michache ya maandishi. Faili chafu huonekana kwa uzito wake kabla hujalifungua.

Mwisho, leseni. Aikoni nzuri yenye sharti la kutotumika kibiashara haifai hapa, hata ikitolewa kwa moyo mkunjufu: mfumo wa Debian, kwa mfano, hauwezi kuipokea katika hazina yake kuu, kwa kuwa sharti hilo linapingana na uhuru unaoudai kwa kila kitu kilichomo. CC0, CC BY na CC BY-SA ndizo zinazozoeleka. Mradi wa Tango uliishia kuzitoa aikoni zake kwa umma bila masharti mwaka 2009, na uamuzi huo umeziwezesha kuishi ndani ya programu ambazo wachoraji wake hawakuzifikiria. Aikoni iliyonakiliwa kutoka programu ya kulipia ikabadilishwa rangi tu haipimwi, inarudishwa.

Kutoa hukumu

Makosa hayana uzito sawa. Aikoni isiyosomeka kwenye 16, au inayochanganywa na jirani yake, haipiti. Yenye kosa la kimuziki inarudishwa, kwa sababu itamchekesha kila mwanamuziki atakayeifungua programu, na marekebisho yake huwa ya pikseli mbili tatu. Yenye ukungu inarudishwa pia, lakini kwa upole: mchoraji anajua kuchora, bado hajajua gridi. Isiyolingana na familia husubiri wenzake wabadilishwe, ikiwa mradi unakusudia kuwabadilisha. Ladha, yaani kona za mviringo au kali, mtindo wa mwaka huu au wa mwaka juzi, huja mwisho, na mara nyingi si lazima ije kabisa.

Andika maoni yanayoweza kufanyiwa kazi. "Haijakaa vizuri" haimsaidii mtu. "Kwenye 16 boriti imeungana na kichwa cha kulia, panahitajika pikseli moja zaidi kati yake" ni sentensi ambayo mtu wa kujitolea anaweza kuimaliza kabla ya kulala. Ambatanisha picha ya skrini ya upau mzima, taja saizi na mandharinyuma uliyotumia, na utaje moja lililofanyika vyema ili lisije likapotea kwenye marekebisho.

Na ukiachwa na michoro miwili, mmoja wa kuvutia unaokwama kwenye pikseli 16 na mwingine wa kawaida unaosomeka hapo mara moja, chagua wa kawaida uingie kwenye upau. Wa kuvutia usiutupe. Utafaa kwenye bango la kutangaza toleo jipya, ambako watu wana muda wa kutazama.